Tanzia ilikuwa ukurasa wa 14 na mimi sikuiona

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mi ndo nimekuzidi basi marahaba mwanangu, maana siku hizi hata wahariri ni watoto wadogo tu. Nina miaka 64, nauza mitumba Ilala tangu mwaka 1993 na gazeti lako nalinunua karibu kila siku, sio la kufungia maandazi, nalisoma kabisa kuanzia mbele mpaka kwenye michezo. Barua hii naongea mimi, mjukuu wangu ndo anachapa kwenye simu, kwahiyo ukikuta makosa ya herufi ni yake sio yangu.

Nina rafiki yangu alifariki mwaka huu na sikumzika. Tulianza nae biashara, meza zetu zilitazamana miaka tisa, mtoto wangu wa pili kamlea yeye mgongoni mi nikiwa nafungua belo, alafu mume wake alipostaafu wakarudi kwao Muheza. Simu yangu iliibiwa Kariakoo na namba zote zikaondoka na mwizi, kwahiyo watu wake walinitafuta wakanikosa. Wakafanya jambo la maana, wakaweka tanzia kwenye gazeti lako kwa sababu marehemu alishawaambia zamani kuwa yule mama wa Ilala gazeti halimpiti. Na kweli halikunipita! Siku ile nililinunua, ukurasa ule niliusoma, na najua niliusoma kwa sababu kuna tangazo la viwanja vya Kigamboni nililizungushia duara kwa peni. Tanzia ilikuwa vidole vitatu chini ya duara langu.

Wiki tatu baadae mjukuu anatafuta karatasi ya kutandika kwenye kabati la vyombo, akachomoa gazeti lile, hata hakukaa chini, akasema bibi huyu si yule bibi wa Muheza? Amesimama tu mlangoni. Nikamnyang'anya. Kaboksi kenyewe kadogo kama kiberiti, maandishi meupe juu ya rangi ya kijivu, kushoto kuna dawa ya kitambi, kulia vifaranga vya kuku chotara, juu viwanja, chini mganga anayerudisha mpenzi aliyeondoka, na kila mmoja ana fremu yake na nyota zake na mshale wake na namba ya simu iliyonenepa. Nikavaa miwani nikaisoma tanzia yote, jina, tarehe, msiba uko wapi, mazishi saa ngapi. Herufi hazikunishinda hata moja. Hapo ndo nilipochanganyikiwa zaidi, maana kama naweza kuisoma, mbona sikuiona?

Nikaenda kupima macho. Binti wa pale mpole sana, akanikalisha, akanionyesha zile herufi ukutani, na miwani yangu nikashuka mpaka mstari wa sita kwa sita, akasema mama macho yako yako vizuri kuliko ya vijana wengi, nenda nyumbani kapumzike. Nikarudi nyumbani na sikupumzika.

Sasa huyu anayechapa anasomea mambo ya macho huko Moshi, alikuwa likizo, na likizo yake nimeila yote kwa maswali. Nakuandikia alichonieleza kwa sababu naona kinakuhusu wewe mhariri kuliko kinavyomhusu daktari.

Kwanza ule ubao wa herufi. Ni wa mwaka 1862, aliubuni daktari wa Uholanzi anaitwa Herman Snellen, na mpaka leo unafanya kazi yake vizuri ila kazi yenyewe ni ndogo kuliko tunavyodhani. Herufi nyeusi tii, ubao mweupe pee, taa inawaka, umekaa kwenye kiti, hakuna anayekusukuma, na mtu anakuonyesha kwa kidole haya mama soma hapa. Sasa niambie wapi Dar es Salaam kuna kitu kimekaa hivo. Sokoni hakuna, stendi hakuna, gazetini kwako ndo kabisaa. Ule ubao unapima kama unaweza kukiona kitu ukishaonyeshwa kilipo. Kukitafuta mwenyewe katikati ya vurugu ni kazi nyingine na haipimwi pale.

Nikamwambia sawa, lakini kutafuta ndo kazi yangu ya miaka yote, nimelea watoto wanne kwa kutafuta! Anayenunua mitumba anajua, belo likikatwa kamba nguo zinamwagika kama uji na una dakika chache kuchomoa blauzi nzuri kabla mwenzako hajaichomoa, na katika blauzi hiyo uone doa, uone kola ilivyolika, uone zipu, uone kama kuna kitundu kwapani. Nilikuwa hatari. Wenzangu walikuwa wananiita Kipanga. Na ni kweli miaka hii kama kumi ya karibuni nimekuwa mzito, doa naliona nyumbani, au mteja ndo ananionyesha na kuniomba nipunguze bei. Nilidhani ni uchovu.

Akaniambia bibi anza na mwanga. Ukizeeka mboni inakuwa ndogo na inakuwa mvivu kufunguka, ya kijana gizani inafunguka mpaka milimita 7 hivi, ya mtu wa miaka 70 inagota kwenye 5 au hata haifiki. Lenzi iliyo nyuma yake nayo inaenda inageuka rangi polepole, inakuwa ya njano njano kama karatasi ya gazeti lililokaa juani. Ukijumlisha hayo mawili, mtu wa miaka 60 mwanga unaofika kule nyuma ya jicho ni kama theluthi tu ya ule unaomfikia kijana wa miaka 20, na wamekaa chumba kimoja chini ya taa moja. Theluthi! Yani mi na mjukuu tunakaa sebule moja ila kwake yeye ni saa tisa alasiri na kwangu imeshaadhiniwa magharibi.

Na huo unjano una ubaya wake kwenye biashara yetu maana unakula bluu. Bluu ya giza na nyeusi zinafanana. Niliwahi kumuuzia mwalimu suruali mbili nikamwapia zote nyeusi, kesho yake akarudi nazo, mama hii moja ni bluu, nikamwona mkorofi anayetafuta kurudishiwa hela, tukatupiana maneno mbele za watu. Kumbe alikuwa sahihi. Mwalimu kama unasoma gazeti hili nisamehe baba.

Alafu kuna kufifia. Mwaka 1988 Denis Pelli na John Robson na mwenzao mmoja walitoa ubao mwingine ambao herufi zote zina ukubwa uleule ila zinafifia kadri unavyoshuka, za mwisho zipo kama mvuke wa chai. Mtu anaweza kumaliza ubao wa Snellen bila wasiwasi na huku akakwama mapema, na wazee tunakwama mapema hata kama hatuna ugonjwa wowote. Sasa wewe maandishi meupe juu ya kijivu cha karatasi ya gazeti, na wino wenyewe unavyosambaa, unategemea nini? Kwenye kompyuta ya mpangaji wako yanang'aa, kwenye meza yangu chini ya turubai la bluu saa kumi na moja jioni ni mvuke.

Ila hayo yote ni ya jicho. Kilichoninyamazisha mimi ni mambo ya akili, na hapa naomba mhariri usikate kitu, jaribu mwenyewe hapo ulipo:

+                                        K

+                                      SKT

Kazia macho kwenye alama ya kwanza ya kujumlisha, usiyahamishe, K ya pembeni utaiona bila shida. Sasa kazia kwenye ile ya pili. K bado ipo, ukubwa uleule, umbali uleule, lakini imevurugika, unajua kuna herufi pale ila huwezi kusema ni ipi. Majirani wameimeza. Hali hiyo wanaiita kubanana. Mholanzi mwingine, Herman Bouma, alipima huko kubanana mwaka 1970 akapata kanuni rahisi mpaka inashangaza, kwamba jirani akisogea karibu kuliko kama nusu ya umbali wa kutoka unapotazama mpaka kwenye herufi yenyewe, basi anaanza kuiharibu. Kwahiyo mi macho yangu yakiwa kwenye viwanja vya Kigamboni, na tanzia iko sentimita 6 chini, ilitakiwa iwe na kama sentimita 3 za uwazi kila upande ili nihisi kuna jina ninalolijua pale. Uliipa milimita mbili na fremu.

Hiyo inampata kila mtu, hata mtoto wa sekondari. Kama uzee unaizidisha wataalamu wenyewe wanabishana, kuna waliopima wakakuta inazidi na kuna waliokuta iko palepale. Lakini kijana anabanwa sekunde hii, sekunde ijayo ameshahamisha jicho, ameshakagua, ameshaendelea. Sisi kila kituo tunakaa zaidi kidogo. Ukurasa wenye vitu vitano hutaona tofauti kati yangu na mjukuu, ukurasa wenye vitu arobaini ananiacha mbali.

Na inategemea unatafuta nini. Hili nilimwelewa haraka maana ni la sokoni kabisa, ingawa alinitajia mwanasayansi mmoja mwanamke, Anne Treisman, ambaye aliandika habari zake na mwenzake mwaka 1980. Shati jekundu moja likiwa kwenye rundo la mashati meusi halitafutwi, linakurukia lenyewe, hata ziwe hamsini hata ziwe mia. Lakini mteja akitaka jekundu la mikono mirefu, na rundo lina mekundu ya mikono mifupi na meusi ya mikono mirefu, hapo hakuna kuruka, unafukua moja baada ya jingine. Lile la kwanza wazee bado tunaliweza karibu sawa na vijana. La pili ndo tunaachwa, na rundo likikua tunaachwa zaidi. Nikamwambia mjukuu wewe umeenda chuo miaka mitatu kujifunza kitu ambacho mi nimekijua kwa mgongo. Akasema bibi ulijua ila hukuwahi kuandika.

Huko Marekani wamelipeleka suala hili barabarani. Kuna Karlene Ball na Cynthia Owsley, walifanya kazi Alabama, hawa walipima lile eneo ambalo mtu anaweza kulisoma kwa mtazamo mmoja bila kugeuza kichwa wala macho. Wanakuwekea kitu katikati ukiangalie, hapohapo kitu kingine kinatokea pembeni kidogo tu kinapotea, na pembeni kumejazwa vivurugo, unaulizwa kilikuwa wapi. Mwaka 1998 wakaandika kwenye jarida la madaktari la kule, waliwafuatilia madereva 294 wa miaka 55 mpaka 87 kwa miaka mitatu, wale waliokuwa wamepoteza asilimia 40 au zaidi ya eneo hilo walikuwa na uwezekano mara 2.2 zaidi wa kupata ajali kuliko wenzao. Na wengi wao wangepita kwenye ubao wa Snellen vizuri tu wakapewa leseni. Mimi siendeshi gari ila navuka Barabara ya Uhuru kila siku, na nilikuwa najilaumu kwanini bodaboda zinanitokea kama zimeshuka mbinguni. Anatokea kushoto, hana taa, amevaa jaketi jeusi, nyuma yake kuna mkokoteni wa nazi, nyuma ya mkokoteni kuna duka limening'iniza madera ya kila rangi mpaka barabarani. Jicho langu linamuona, nina hakika linamuona, akili ndo haijamchambua bado.

Kwanini akili inachelewa kuchambua, hapo ndo nilipoona maajabu. Mi nilidhani kuzeeka ni kupungua nguvu ya kuona. Kumbe sehemu kubwa ni kupungua nguvu ya kupuuza. Lynn Hasher na Rose Zacks walisema hivo tangu mwaka 1988, kwamba akili ya ujana ina mlinzi mlangoni anayewafukuza wasiohusika, na ukizeeka mlinzi anaanza kusinzia. Wasiohusika wanaingia wanakaa kwenye viti. Miaka ya baadae watafiti walipima kwenye kima wazee, mwaka 2003, wakakuta seli za ubongo zinazoshughulika na kuona zimekuwa hazichagui, zinapiga kelele kwa kila kitu, yani ile seli iliyotakiwa iitike mstari uliolala inaitika na uliosimama na wa upande. Wakaweka tone dogo la kemikali inayoitwa GABA, ambayo ubongo unaitumia kama breki, na seli za kima mzee zikaanza kuchagua tena kama za kijana. Usije ukakimbilia duka la dawa kuiulizia, walikuwa wanaiweka kwenye seli zenyewe, sio vidonge.

Na kuna hii ilinichekesha mpaka nikalia. Chuo cha McMaster kule Hamilton, Kanada, mwaka 2005 waliwaonyesha vijana na wazee mistari inayotembea, wakawauliza inaenda kushoto au kulia. Ikiwa mistari ni mikubwa imejaa mbele na ina weusi na weupe mkali, wazee waliwashinda vijana! Waliona haraka zaidi. Ubongo wa kijana unakichukulia kitu kikubwa kinachotembea chote kwa pamoja kama ni mandhari tu, unakizima ili ushughulike na vidogo. Wetu breki imelegea, hauzimi. Nikamwuliza mjukuu kwahiyo makelele nayaona vizuri kuliko nyie? Akasema ndio bibi, kwa namna fulani.

Basi nikaelewa ukurasa wa 14. Yule mganga wako nilimwona. Dawa ya kitambi niliiona. Namba ya simu ya mganga naikumbuka mpaka leo inaishia na sita sita tisa, na sina mpenzi wa kurudishwa. Vyote vilivyopiga kelele vimeingia vimekaa kwenye viti, na rafiki yangu ambaye hakuwahi kupiga kelele maisha yake yote kabaki mlangoni.

Naomba niseme kitu haraka kabla sijasahau maana mjukuu kaniambia lazima nikiseme. Sio kila anayepitwa na vitu ni uzee wa kawaida. Mtoto wa jicho ndo anayeongoza duniani kwa kupofusha watu na upasuaji wake mara nyingi hata nusu saa haufiki, kwahiyo ukiona ukungu, taa za magari zinatawanyika kama jua, rangi zimefifia, nenda. Na presha ya macho ni mbaya zaidi maana inakula pembeni taratibu bila maumivu na kilicholiwa hakirudi. Mtu anagonga milango anasema nimezeeka, kumbe angewahi angeokoa kilichobaki. Nenda kapimwe kwanza, mimi nilipimwa sina, ndo maana naongea kwa kujiamini.

Wengine watasema basi kuna mazoezi ya akili kwenye simu. Yapo, na sio uongo wote, Marekani walifanya jaribio kubwa la wazee zaidi ya 2,800, matokeo ya kwanza yakatoka mwaka 2002, na kundi moja lilifundishwa kwenye kompyuta kutambua vitu haraka pembeni na katikati, vipindi kumi vya kama saa moja, na kweli waliongeza kasi kwenye kile walichofundishwa. Kwa aliyenacho kifaa na mtu wa kumfundisha, vizuri. Ila mi naona ni uonevu kumwambia mama wa miaka 64 akafanye mazoezi ya wiki kadhaa ili aweze kusoma ukurasa ambao ungeweza kupangwa vizuri kwa dakika tano.

Maana sokoni kwangu nimeshapanga. Nimeacha rundo. Zamani nilikuwa naamini rundo linavuta mteja, anapenda kufukua, anahisi anaokota. Sasa nikifungua belo la kwanza natenga kwa rangi, mafungu manne tu, alafu ndani ya fungu ndo natafuta doa, na naitafuta saa nne asubuhi jua likiwa limepanda, sio jioni. Turubai la bluu nimelitoa nimeweka jeupe, maana lile bluu lilikuwa linapaka kila kitu bluu. Nyeusi na bluu ya giza nazipambanisha na uzi mweusi ambao najua ni mweusi, nimeufunga kwenye mguu wa meza. Mikasi, chenji, mifuko, kila kitu na mahali pake pa siku zote kwa sababu kitu nikijua kilipo sihitaji kukitafuta, na hilo uzee haulichukui haraka, mazoea yanabaki. Wateja wazee wameanza kuja kwangu wenyewe. Mmoja kaniambia kwako kuna hewa.

Na usiniambie kuwa huo ni uzungu. Chukua kanga. Kanga ina fujo kuliko ukurasa wowote wa gazeti, pindo lina maua, mji una korosho au mananasi au jogoo, rangi tatu zinagombana. Lakini jina la kanga liko wapi? Liko kwenye kijisanduku chake, chini katikati, herufi kubwa zilizosimama, hakuna ua linaloingia, hakuna jogoo anayekanyaga neno. Ndo maana mtu akipita mbele yako anatembea haraka unasoma alichokuja kukusema. Waliobuni hawakusoma kwa Bouma wala kwa nani, walijua tu neno linataka nafasi. Sasa itakuwaje maneno ya umbea yapewe nafasi na jina la marehemu libanwe?

Daladala nazo zilikuwa hivo. Mstari wa rangi ubavuni, jina la njia mbele, basi, unaiona ikiwa mbali unajiandaa. Siku hizi kioo cha mbele kimejaa stika, timu ya mpira, sura ya msanii, Mungu Ndiye Anajua, taa za rangi zinazowaka na kuzima, na jina la njia limeandikwa kwenye kikaratasi kimelazwa kwenye dashibodi. Mi nasubiri mpaka konda apige kelele ndo najua inaenda wapi, na konda mwenyewe anasema Mbagala kama mtu anayepiga chafya. Usiku ndo usiseme, mtu anakuja na taa kali nyeupe za kisasa, lenzi ya mzee inautawanya ule mwanga wote ndani ya jicho, unaona pazia jeupe tu. Na ukitoka kwenye mwanga mkali kuingia gizani, watafiti walikuta watu wa miaka ya sabini wanachukua zaidi ya dakika 10 kuliko vijana wa miaka ya ishirini mpaka macho yazoee sawasawa. Daladala haikusubiri dakika 10.

Programu za kutuma pesa kwenye simu ni barua nyingine kabisa, siku moja nikibofya salio nikajikuta nimejiunga na kifurushi cha nyimbo, ile picha ya tangazo ilikuwa inachezacheza juu ya kitufe chenyewe. Nikapiga huduma kwa wateja nikaambiwa mama uwe unaangalia vizuri. Kuangalia nilikuwa naangalia.

Sasa mhariri nakuomba mambo ya kwako. Najua matangazo ndo yanalipa mshahara wako na sikwambii uyafukuze. Mganga abaki, vifaranga vibaki. Ila tanzia zitoe pale kati, zipe ukurasa wake au hata safu moja ya pembeni kabisa, iwe palepale kila siku, tukijua ukurasa wa tanzia ni ule basi hatutautafuta, tutauendea. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, sio nyeupe kwenye kijivu na sio juu ya picha ya marehemu wala juu ya maua. Jina liwe kubwa kuliko maneno mengine yote na liachiwe uwazi, kama jina la kanga. Fremu moja nyepesi inatosha, misalaba minne kila kona ya nini? Na kama nafasi ni ghali punguza maneno, maana familia ikiambiwa ichague kati ya mistari sita ya wasifu iliyobanana na mistari mitatu inayoonekana, mi naamini watachagua inayoonekana. Alafu kabla ya kupeleka kiwandani mpe mtu wa miaka sitini na kitu ukurasa huo, usimwonyeshe kwa kidole, mwambie tu nani kafariki leo, uhesabu muda. Kama hapo ofisini wazee wote mmeshawastaafisha mi nitakuja, nauli nitajilipia.

Muheza nilienda baada ya siku arobaini. Watoto wake walinipokea vizuri, hawakuniuliza kitu, ila yule mdogo alisema mama tuliweka na gazetini, nikasema niliona mwanangu, nilichelewa tu kuona. Sikuwa na namna nyingine ya kumweleza.

Barua hii ukiitoa, nakuomba sana usiiweke kati ya mganga na viwanja.

Mama wa mitumba,
Ilala, Dar es Salaam